Mustari mwekundu wa kipimo cha malaria ni dhahabu

Tuchukue mufano ambao familia nyingi za wachimbaji zinaujua. Baba ametoka Walikale, kule kwenye misitu ya chini ambako kuko joto na mbu wengi. Amefika nyumbani Kanyaruchinya na begi moja na pesa kidogo. Usiku wa pili baridi inamushika, anatetemeka, kichwa kinamupiga. Kukicha, mama anamupeleka ku kituo cha afya. Muganga anamutoboa kidole, anakamata tone moja la damu, analiweka ndani ya kikaseti cheupe cha plastiki, anaongeza matone machache ya maji kutoka kachupa kadogo, kisha anawaambia wangoje.

Dakika tano zinapita. Mama ameacha watoto peke yao na maharagi juu ya moto. Anachungulia kikaseti: anaona mustari mumoja tu. Kwake kazi imekwisha, malaria hakuna, twende. Baba naye anasema ni uchovu wa safari tu. Hapo njo kosa linaweza kuingia. Mustari ambao haujaonekana kwa dakika ya tano unaweza kuonekana kwa dakika ya kumi na tano, na mutu ambaye alirudi nyumbani bila dawa anaweza kurudishwa ku kituo siku mbili baadaye akiwa amebebwa.

Kile kikaseti waganga wanakiita TDR, maana yake kipimo cha haraka. Hakina betri, hakina injini, hakina pompi. Hata hivyo, damu inaanza safari upande mumoja na inafika upande wa pili bila mutu kuisukuma. Tulitaka kujua ni nani anayeitembeza, kwa sababu ukishaelewa ile safari, unaelewa pia kwa nini muganga anasema mungoje, kwa nini anahesabu matone, na kwa nini anakataza kufungua sashe mapema.

Kanyaruchinya iko kaskazini mwa Goma, kwenye barabara ya Rutshuru, katika teritwari ya Nyiragongo, juu ya mawe ya volkano. Toka mwaka 2022 watu wengi waliokimbia vita vya Rutshuru walijazana hapa kambini, na mwisho wa mwaka ule kipindupindu kikaingia. Mwanzoni mwa 2025 kambi ilibaki bila watu. Kwa miaka kama hiyo, wakati umeme na maabara ni vitu vya mbali, kipimo ambacho kinatembea chenyewe hakiko kitu kidogo.

Maji ambayo yanapanda

Kila mutu hapa kwetu anajua maji yanashuka. Mvua ikinyesha Kanyaruchinya, maji yanapotea kati ya mawe, na mama anabaki kutafuta bidoni. Lakini kuko pia maji ambayo yanapanda, nasi tunayaona kila siku bila kuyafikiria. Chovya ncha ya mandazi ndani ya chai: chai inapanda hadi karibu na vidole vyako. Pita kwenye majani yenye umande na kitenge kirefu: pindo limeloa chini, na baada ya muda unyevu umefika hadi karibu na goti. Washa taa ya kopo: petroli iko chini, moto uko juu, na utambi unaipandisha usiku muzima.

Sababu ni hii. Maji yanapenda kushikamana na vitu fulani, kama vile nyuzi za pamba, karatasi au kioo. Yanaushika ukuta, yanajivuta juu yake, na kwa kuwa chembe za maji zinashikana zenyewe kwa zenyewe, zile za mbele zinawavuta wenzao wa nyuma. Njia ikiwa pana, uzito wa maji unashinda ule mvuto. Njia ikiwa nyembamba sana, mvuto njo unashinda. Ndani ya mrija wa kioo wenye upana wa milimita 1, maji yanapanda yenyewe karibu sentimita 3. Ukiupunguza upana mara kumi, yanapanda karibu sentimita 30. Wataalamu wanaita hii nguvu ya kapilari.

Wale ambao wamefanya kazi ya dhahabu wamekwisha kuona kinyume chake. Zebaki, ile wengi wanaita merkire, haipendi kioo. Inajikunja kama shanga, inakimbia ukuta, na ndani ya mrija mwembamba inashuka chini badala ya kupanda. Hatusemi mujaribu, mvuke wake ni sumu inayoharibu ubongo na figo. Tunasema tu kwamba si kila kitu cha majimaji kinapandishwa na kila ukuta. Ni lazima vipendane.

Mutaro wa karatasi

Ndugu muchimbaji, kazi ya kuongoza maji unaijua kupita wengi. Pale munapooshea koltani, munachimba mutaro, munaweka mifuko ya muchanga ili maji yasiende kombo, munafungua kidogo yakihitajika polepole, munafunga yakizidi. Maji yakija na nguvu sana, yanabeba mali. Yakija kidogo sana, udongo hautoki. Mupimo wa maji njo mupimo wa kazi.

Ndani ya kikaseti cha TDR kuko mutaro wa namna ile, ila ni wa karatasi, na umepangwa na vipande vinne vinavyogusana. Cha kwanza ni sponji ndogo pale damu inapoingia. Inachuja na kutuliza. Cha pili ni kipande ambacho kimepakwa dawa iliyokaushwa. Cha tatu ni utando mweupe wenye vitundu ambavyo jicho haliwezi kuona. Ni pale munaposoma mistari. Cha nne, mwishoni kabisa, ni karatasi nene inayonywa maji sana. Hiyo ya mwisho njo motopompi. Haina sauti na hainywi mafuta, lakini kadiri ingali kavu inaendelea kuvuta, na ikishashiba inaacha.

Waliotengeneza kipimo wamepanga yote hayo mbele ya wakati: upana wa utando, ukubwa wa vitundu, unene wa ile karatasi ya kunywa. Hakuna mutu wa kufungua wala kufunga mutaro. Kazi ya mufunguaji imeingizwa ndani ya karatasi yenyewe.

Tone la damu linalohitajika, kwa vipimo vingi vya malaria, ni maikrolita 5. Kijiko kimoja cha chai kingetosha kupima watu 1,000. Damu kidogo hivyo haiwezi kutembea peke yake. Njo maana muganga anaongeza yale matone ya kachupa, ambayo hapa tutaita maji ya kipimo. Yanapasua chembe za damu, yanaibeba, na yanasafisha njia nyuma yake.

Dhahabu kwenye kituo cha ukaguzi

Watu wengi wanafikiri ule mustari mwekundu ni damu. Hapana. Kwa vipimo vingi vya malaria, ule wekundu ni dhahabu.

Dhahabu ikisagwa hadi chembe ndogo sana, mamia ya maelfu zinazoweza kupangwa ndani ya sentimita moja, haiko tena ya manjano. Inakuwa nyekundu kama divai, kwa sababu ya namna chembe hizo zinavyocheza na mwanga. Michael Faraday, mutaalamu wa Uingereza, alieleza jambo hilo mwaka 1857 baada ya kutengeneza maji mekundu kutoka kwa dhahabu. Leo chembe za namna hiyo zinakaushwa ndani ya kile kipande cha pili cha kipimo. Na kabla hamujaanza kukusanya vikaseti vilivyotumika, tuwaambie: kilichomo ni kidogo sana, hata gunia zima halingekulipa moto wa kuyeyusha.

Ile dhahabu inafanya kazi ya etiketi. Munajua gunia la madini linavyopewa etiketi ili likaguliwe njiani. Kila chembe ya dhahabu imefungiwa kitu kinachoweza kushika protini moja inayotoka kwa kijidudu cha malaria. Damu ikipita pale, kama protini ile iko ndani, dhahabu inaishika na wanasafiri pamoja. Mbele, kwenye herufi T, kuko kizuizi cha kwanza. Kinakamata tu dhahabu ambayo imebeba muzigo wa malaria. Ikikamatwa nyingi, mustari mwekundu unatokea. Dhahabu isiyo na muzigo inapita, inafika kwenye herufi C, kizuizi cha pili, ambacho kinakamata dhahabu yenyewe, iwe na muzigo ao isiwe nao.

Kwa hiyo mustari wa C hausemi kitu juu ya ugonjwa. Unasema tu kwamba maji yalifika hadi pale. Kama C haikutokea, safari ilikatika njiani, na hata T ikionekana, kipimo kile ni cha kutupa. Muganga anaanza upya na kingine. Na kama T imetokea hafifu, karibu isionekane, bado ni malaria. Hakuna nusu malaria.

Kwa nini dakika kumi na tano

Turudi kwa mama na maharagi yake. Maji ndani ya karatasi hayatembei na mwendo mumoja. Kila hatua mpya, yanapaswa kuvuta mukia murefu zaidi nyuma yake, na ule mukia unasuguana na karatasi. Mwaka 1921 Mumarekani mumoja, Edward Washburn, aliandika kanuni ya jambo hili: ili kwenda mbali mara mbili, unahitaji muda mara nne, ili kwenda mara tatu, muda mara tisa. Tuseme sentimita ya kwanza ilichukua sekunde 15. Kufika ya pili, hesabu toka mwanzo ni dakika 1. Kufika ya tatu, ni dakika 2 na sekunde 15. Kufika ya nne, ni dakika 4.

Munaweza kuona hayo nyumbani na watoto. Kateni kitambaa cheupe cha pamba, chembamba kama kidole. Kwa kalamu, tieni alama kila sentimita. Chovyeni ncha ndani ya chai nyeusi na muhesabu pole pole. Sisi tulipojaribu, alama ya kwanza ilipitwa kabla hatujapanga vizuri kuhesabu. Kwa alama ya nne tulikuwa tumeanza kuongea mambo mengine.

Na kufika si mwisho. Dhahabu inahitaji muda wa kushika protini, kizuizi kinahitaji muda wa kukusanya dhahabu ya kutosha ili jicho lione, na maji ya nyuma yanahitaji muda wa kufagia wekundu wa damu ili utando ubaki mweupe. Mugonjwa ambaye ana vijidudu vichache anahitaji muda ule wote. Kwa hiyo maandishi ya kipimo yanasema dakika 15 ao 20, kulingana na kiwanda. Kusoma mapema kunaweza kuficha ugonjwa. Kusoma kwa kuchelewa sana nako kunadanganya: kikaseti kikikauka, maji yanaweza kurudi nyuma na kuacha alama ambayo haikuwapo. Kipimo kilichosahauliwa juu ya meza hadi jioni hakina tena neno la kusema.

Vitu vinavyoharibu safari

Kwa kuwa safari yote inategemea karatasi na maji, makosa madogo ya mikono yanakuwa makosa makubwa ya majibu.

Damu ikizidi, inaziba vitundu na kupaka utando wote wekundu. Mustari hafifu unapotea ndani. Ikipungua, vijidudu vichache havitaonekana. Maji ya kipimo yakipungua, damu inasimama katikati. Yakizidi, yanafurika na kupita pembeni bila kusoma kitu, kama vile mutaro wenu unapopasuka.

Mbaya zaidi ni kuweka maji mengine. Kachupa kakiisha, mutu anaweza kushawishika kutumia maji ya bidoni, ao maji ya serumu. Mwaka 2010 watafiti walionyesha kwamba kubadilisha maji ya kipimo namna hiyo kunaweza kutokeza mustari wa malaria kwa mutu ambaye hana malaria. Yale maji hayako maji tu. Yana chumvi na sabuni zilizopimwa ili dhahabu isijishike ovyo. Hata kachupa ka kipimo cha kiwanda kingine hakafai.

Unyevu nao. Hapa chini ya Nyiragongo ukungu na mvua ni vya kila juma. Utando ukinyonya unyevu wa hewa kabla ya kazi, mwendo wake unabadilika. Njo maana sashe ina kapakiti kadogo ka kukausha ndani, na inafunguliwa tu wakati kidole kiko tayari. Joto kali nalo linaua dawa iliyokaushwa: vipimo vilivyoachwa juani ndani ya gari havifai kuaminiwa. Mwisho, kikaseti kinawekwa mahali palipo sawa. Juu ya goti ao juu ya jiwe lililoinama, maji yanapata sababu ya kukimbia ao kuchelewa.

Muzazi hana lazima ya kujua kazi ya muganga. Lakini ana haki ya kutazama: sashe ilifunguliwa mbele yake, saa iliangaliwa, mustari wa C ulionekana, na jibu lilisomwa kwa wakati.

Kutoka mutaro mumoja hadi mitaro mia

Ujuzi huu haukuanza na malaria. Mwaka 1988 kipimo cha mimba cha hatua moja, chenye karatasi ya namna hii, kiliuzwa Uingereza ili mwanamuke ajipime nyumbani. Kisha vikaja vya magonjwa mengine. Hata kipindupindu kiko na chake: karatasi nyembamba inasimamishwa ndani ya kachupa, na maji yanaipanda kutoka chini kama petroli ndani ya utambi. Kile kinatoa alama ya hatari ya haraka; maabara, kama ile ya INRB ya Goma, njo inathibitisha. Kwa malaria, Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2010 kwamba kila mutu mwenye dalili apimwe kabla ya kupewa dawa, na bila karatasi hizi shauri lile lingebaki maneno matupu kwa vituo visivyo na mikroskopi. Inchi yetu ni ya pili duniani kwa wagonjwa wa malaria, nyuma ya Nijeria.

Tatizo ni kwamba mutaro mumoja unafanya kazi moja. Vipimo vingi vya maabara vinataka hatua nyingi: weka damu, ngoja, osha, weka dawa, ngoja, osha tena. Wataalamu wanatafuta namna ya kuziingiza hatua zote ndani ya kifaa kimoja bila umeme. Mwaka 2007 timu ya George Whitesides, huko Harvard, Marekani, ilichora kuta zisizopitisha maji ndani ya karatasi, na tone moja likajigawa lenyewe kwenye njia tofauti, kila njia na kipimo chake. Mwaka 2013 watafiti wa Seattle walikausha sukari ndani ya karatasi: maji yakifika pale yanachelewa hadi sukari iyeyuke, na kadiri sukari ni nyingi, kadiri kuchelewa ni kurefu. Ni saa iliyotengenezwa kwa sukari.

Wengine wanatumia plastiki yenye mifereji midogo sana. Kanuni yao ni rahisi: mufereji mwembamba unavuta kwa nguvu kuliko mupana, kwa hiyo ukichagua upana, unachagua dimbwi gani litaisha kwanza. Na mahali mufereji mwembamba unapofunguka gafula kuwa mupana, maji yanasimama ukingoni, kama vile chai inavyojaa kupita mudomo wa kikombe bila kumwagika. Pale njo mulango. Mwaka 2022 timu ya David Juncker wa Chuo Kikuu cha McGill, Montréal, ilieleza katika jarida Nature mufululizo wa milango kama hiyo, ambapo dimbwi moja likiisha linafungulia lingine. Walifikia kuachilia mafungu 300 ya maji, moja nyuma ya lingine, yakivutwa na karatasi tu. Ni kama munavyosimama kwa mustari kutoka chini ya shimo na kupitisha mifuko mukono kwa mukono: wa pili hainui hadi wa kwanza amemupa.

Kilicho mukononi leo

Vifaa vile havijafika ku vituo vyetu. Kilichoko ni kikaseti kile cheupe, na kinafaa sana kikitumiwa vizuri. Lakini kina mipaka, na mipaka ile inafaa kujulikana nyumbani.

Protini ambayo vipimo vingi vinaitafuta inaweza kubaki ndani ya damu majuma kadhaa baada ya vijidudu kufa. Kwa hiyo mutu aliyemaliza dawa juma lililopita anaweza kuonyesha T ingawa amepona. Mwambieni muganga kila mara: alitibiwa lini, na dawa gani. Kwa upande mwingine, kipimo kikisema hapana na homa inaendelea, si ruhusa ya kukaa nyumbani. Rudini. Inaweza kuwa malaria ambayo bado ni kidogo, inaweza kuwa ugonjwa mwingine kabisa. Na kwa mutoto anayetingishika, anayetapika kila kitu, anayeshindwa kunyonya ao kuamka, musingoje kesho wala mustari wowote, kimbieni.

Kwa baba aliyetoka Walikale, tungesema hivi: usimufiche muganga ulikotoka. Kwamba ulilala msituni ni habari ambayo kikaseti hakiwezi kumupa. Na kwa mama ambaye maharagi yako moto: mutume mutoto kwa jirani ayatazame. Ukae. Katika zile dakika kumi na tano hakuna mutu anayefanya kazi pale mezani, lakini kazi inaendelea, maji yanavuta, dhahabu inatafuta, na jibu lenye haki litafika kwa saa yake.